Sofa Iliyokwenda Hospitali

Mke wa Sponji alihama chumba asubuhi, kweupe, bila kugombana na bila kupiga mlango. Alibeba mto wake, shuka lake na ile taa ndogo ya kusomea, akaingia chumba cha watoto, ambao walishakuwa watu wazima na kwenda zao, akatandika kitanda na kukipigapiga kwa kiganja.

"Kuanzia leo nalala humu," akasema. "Ukinihitaji, bisha hodi."

Sponji alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Kisa nini?"

"Unakoroma."

"Mimi? Mimi sikoromi."

"Umejuaje, na wewe ndiye uliyelala?"

Sponji akaenda kutema povu. Aliporudi alikuwa na jibu. "Haya, tuseme nakoroma. Wanaume wote wanakoroma. Baba yangu alikoroma mpaka kuku wakahama banda. Hakufa kwa kukoroma."

"Alikufa usingizini."

"Uzee ule!"

Mkewe akakaa kitandani, akaweka mto mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. "Baba watoto, nisikilize. Kelele zako nimezizoea. Kelele ni mziki, nazijua mpaka kona zake. Ninachokikimbia ni ukimya. Unakoroma weee, halafu kimya. Hupumui. Mimi niko pale nimetoa macho, nangoja. Nangoja. Halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa kisimani, unaanza upya. Nimechoka kukulinda. Humu angalau sitaona."

Sponji alicheka. Aliona ni chumvi za wanawake. Mtu aache kupumua halafu aamke asubuhi ale chapati na chai? Akavaa shati, akaenda kazini, na njiani akapiga miayo mpaka taya ikalia.

Sponji alikuwa fundi makochi. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mkewe na mtu aliyemwandikia kitambulisho; wengine wote, hadi mama mkwe, walimwita Sponji, kwanza kwa sababu unga wa sponji ulimjaa nyusi mwaka mzima, na pili kwa umbo lake. Alikuwa mpana, laini, na ukimbonyeza kwa maneno anarudi palepale alipokuwa.

Karakana aliigawana na seremala aliyemtengenezea fremu za mbao. Ilikuwa na desturi moja ambayo huwezi kuikuta kwingine: kochi halitoki mlangoni mpaka Sponji alilalie. Baada ya chakula cha mchana alivua viatu, akajitupa juu ya kochi jipya, akaegemea pembe ambako mkono wa kochi unakutana na mgongo, na kungoja. Usingizi ukimchukua upesi, kochi limefaulu. Ukichelewa, anafumua mgongo na kuupanga upya. Wateja walishazoea. Walikuja kuchukua mali yao wakakuta mtu mzima amelala juu yake, mdomo wazi, wakatafuta stuli wakangoja. Kochi la Sponji halikuwahi kurudishwa.

"Leo umekuja umenuna," Seremala akasema. "Kulikoni?"

"Mama watoto amehama chumba."

"Amechelewa. Mimi nikisikia unaanza kulalia kochi, nawasha randa ya umeme ili nipate utulivu."

"Na wewe pia?"

"Sponji, siku ile uliyolalia kochi la mchungaji, msumari ulitoka wenyewe kwenye ubao. Niliuona kwa macho yangu."

Mchana huo akaingia binti wa dada yake Sponji. Huyu mpwa alikuwa fundi wa mashine katika hospitali kubwa, mtu wa bisibisi mfukoni na kalamu sikioni, mwenye kusema haraka kama anayeogopa umeme utakatika kabla hajamaliza. Mke wa Sponji alikuwa amempigia simu zamani.

"Mjomba, shikamoo. Anti kaniambia yote."

"Marahaba. Yote yapi?"

"Unakoroma, unakata pumzi, mchana unasinzia hata ukiwa na mkasi mkononi. Hospitali tumefungua kliniki ya usingizi. Vitanda vya usiku vimejaa, lakini kuna nafasi za mchana kwa watu wanaolala mchana. Nikasema, ah, mjomba wangu huyo!"

"Hospitali ya kulala?" Seremala akaacha patasi. "Wanakupa na uji?"

"Sina ugonjwa," Sponji akasema. "Koo langu zima."

Mpwa hakubishana. Alichomoa karatasi mbili ndefu kwenye rundo la karatasi za kukatia vitambaa, akazishika kwa juu, moja kila mkono, zikaning'inia mbele ya uso wake kwa kuachana kidogo. "Nikipuliza katikati, zitafanya nini?"

"Zitaachana," Seremala akasema. "Hilo nalo ni swali?"

Mpwa akapuliza. Karatasi zikavutana, zikagongana, zikatoa mlio kama wa bata.

Sponji akasogea karibu.

"Rudia," Sponji akasema.

Akarudia. Zikagongana tena. Seremala akamnyang'anya, akapuliza mwenyewe, akapuliza kwa nguvu zaidi, akageuza karatasi aone kama kuna gundi. Sponji akachukua zake mbili. Baada ya muda mfupi wanaume wawili wazito walikuwa wamesimama katikati ya karakana wakipuliza karatasi kama watoto, zikilia prrr, prrr, na mteja aliyekuja kuulizia mito akasimama mlangoni, akawatazama, akaenda zake polepole.

"Nasikia kizunguzungu," Seremala akasema, akakaa.

"Sasa," mpwa akasema. "Hewa ikipita kwa kasi mahali pembamba, inapoteza nguvu ya kusukuma pembeni. Hewa ya nje ndiyo inayoshinda, inazisogeza karatasi ndani. Wanaotengeneza ndege wanalijua hilo, wanaotengeneza mabomba wanalijua, wapiga filimbi wanalijua. Na koo lako, mjomba, ni bomba. Tena si bomba la chuma. Hapa nyuma ya ulimi hakuna mfupa wa kulishikilia wazi, kuna nyama tu. Ukiwa macho misuli inalivuta, linakaa wazi. Ukilala misuli inalegea, njia inakuwa nyembamba, hewa inapita mbio, kuta zinavutana. Zikipigapiga, prrr, ndiyo kukoroma. Zikifunga kabisa..."

"Kimya," Sponji akasema kabla hajajizuia.

"Kimya. Ubongo unaona hewa imepungua, unakugutusha, unavuta pumzi moja kubwa, unalala tena. Hukumbuki. Lakini moyo wako unakumbuka, maana kila mara unashtuliwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Fanya hivyo usiku kucha, miaka na miaka, uone kama presha haitapanda."

Sponji alizikunja zile karatasi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwangalia Seremala, akaona anamcheka, akajikaza. "Maneno ya karatasi hayo. Mimi nina nyama, sina karatasi."

Jioni akabisha hodi chumba cha watoto. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

"Nitakwenda huko kwenye kliniki," akasema. "Lakini kwa masharti. Mashine ikisema mimi mzima, unarudi chumbani na mto wako na taa yako, na habari ya kukoroma sitaki kuisikia tena katika nyumba hii."

"Na ikisema si mzima?"

"Nitafanya lolote watakaloniambia."

"Lolote?"

"Lolote. Wakisema nilale nimening'inia kama popo, nitaning'inia."

Mkewe akampa mkono, wakashikana kama watu wanaouziana ng'ombe.

Siku ya kliniki ilipofika, Sponji alivalishwa waya. Hakuambiwa zitakuwa nyingi hivyo. Mpwa wake alimgandisha nyingine kichwani, nyingine kando ya macho, nyingine kidevuni, kifuani akamfunga mkanda, puani akamwekea kijimrija, na kidoleni kidude cha kubana kama kibanio cha nguo chenye mwanga mwekundu ndani. Kila moja aliieleza, na Sponji, ingawa alijifanya hasikii, alisikia.

"Ubongo una umeme wake, mdogo mno, hauwezi hata kuwasha njiti ya kiberiti. Lakini mashine inausikia. Ukilala unabadilika, unakwenda polepole kama watu waliotoka sokoni. Hii ya kidole inatazama damu. Umewahi kuweka tochi nyuma ya kiganja gizani?"

"Kinakuwa chekundu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo. Damu yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, iliyoishiwa inakuwa nzito, imefifia. Mwanga unapita kwenye kidole, mashine inasoma wekundu, inajua una hewa kiasi gani. Halafu kompyuta inakusanya yote. Kompyuta hiyo imefundishwa na usingizi wa maelfu ya watu, madaktari wakiionyesha: hapa mtu kaota, hapa kakata pumzi, hapa kajigeuza tu. Kuna mtu wa hesabu humo, fundi umeme, daktari, wote kwenye sanduku moja."

"Na wamelala?"

"Nani?"

"Hao waliomo kwenye sanduku."

"Mjomba, acha utani, nitakubandika mdomoni."

Mkewe, aliyekaa kwenye kiti pembeni, alimwangalia mumewe kuanzia kisogoni mpaka kidoleni. "Unafanana na redio iliyofunguliwa kwa fundi ikasahaulika," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ahame chumba alicheka.

Daktari wa koo akaingia, mama mmoja mtulivu mwenye viatu visivyo na sauti. Akamsalimu kila mtu, akamwomba Sponji alale. Kitanda kilikuwa kigumu, cheupe, bapa kama meza ya kukatia vitambaa. Sponji akalala. Akafumba macho. Akayafumbua. Akajaribu ubavu wa kulia, waya zikamvuta. Ubavu wa kushoto, mrija ukamtoka. Akahesabu vigae vya dari mpaka vikaisha. Chai ikapita koridoni, akainuka kuitazama.

"Daktari," akasema mwishowe, "mchana mimi silali kitandani. Mchana nalala kazini. Mwili wangu unajua kochi."

"Tungeweza kukupangia nafasi ya usiku," daktari akasema. "Lakini foleni ni ndefu."

"Kwa nini tungoje? Sofa yangu ipo. Mpya, haijalaliwa. Mteja anaitaka jioni."

Mpwa akafumba macho. "Mjomba, hapana. Hii ni hospitali."

"Ina magurudumu," daktari akauliza, "au inabebwa?"

Alikuwa daktari wa aina hiyo. Alitaka mgonjwa alale, basi.

Simu ikapigwa. Haikuchukua muda, lango la hospitali likapata kizaazaa. Seremala alikuja na mkokoteni, na juu ya mkokoteni sofa ya watu watatu, kitambaa cha kijani kibichi chenye maua makubwa, ikiwa bado imevikwa nailoni. Mlinzi akataka kujua inakwenda wodi gani.

"Kliniki ya usingizi," Seremala akasema.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Huyu hapa. Amevunjika springi."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakaanza kucheka. Kijana mmoja mwenye plasta mguuni akauliza kama na yeye anaweza kuletewa ya kwake. Muuguzi mmoja akawafungulia milango yote miwili, mwingine akaisukuma sofa kwa nyuma, na mfanyakazi wa usafi akaishangilia kama harusi inapita. Kwenye kona ya koridoni ilikwama. Seremala akaamuru isimamishwe wima, izungushwe, ilazwe tena, huku akitukana fremu aliyoitengeneza mwenyewe. Ilipoingia chumbani, chumba kikabaki na nafasi ya mtu mmoja mwembamba kupita.

Sponji akaivua nailoni. Akaipapasa. Akavua viatu, akajitupa, akaegemea pembe ambako mkono unakutana na mgongo. "Ahaa," akasema.

Waya zote zikiwa mahali pake, akalala kabla daktari hajafunga pazia.

Alipoamka alijisikia kama shati lililopigwa pasi. Mpwa wake alikuwa mbele ya skrini, amekunja uso. Daktari alikuwa anashika kidevu. Mkewe alikuwa amesimama katikati yao, akiitazama mistari kama mtu aliyepewa gazeti la lugha ngeni.

"Ndiyo?" Sponji akasema.

"Amekoroma kidogo," daktari akasema. "Pumzi hazikukatika. Damu ilikuwa na hewa ya kutosha muda wote."

Sponji alipiga ukelele. Alinyoosha mikono juu, waya mbili zikachomoka, mashine ikalia pii, pii, pii, mpwa akarukia kifaa. Seremala, aliyekuwa mlangoni, akaimba. Sponji akamgeukia mkewe kifua mbele. "Umesikia? Ukimya uko wapi? Nani alitolewa kisimani? Leo mto unarudi nyumbani kwake!"

Alingoja ajibiwe. Katika ndoa yao kila neno lake lilikuwa na majibu mawili ya mkewe, na ladha ya kushinda ilikuwa katika kelele.  Lakini mkewe alikaa tena kwenye kiti, akaweka mikono mapajani.

"Sawa," akasema. "Umeshinda. Nitarudi chumbani. Na sitasema tena."

Sponji akashusha mikono. Alimwangalia vizuri. Aliona macho yake, na chini ya macho, ile ngozi iliyovimba na kuwa nyeusi ambayo yeye alidhani ni umri. 

"Mbona hubishani?" akauliza.

"Nimekubali masharti. Nitakuwa nalala pembeni yako, na nikisikia kimya nitajiambia mashine imesema hakuna." Akatabasamu kidogo. "Labda nina wazimu."

"Anti huna wazimu," mpwa akasema ghafla. Alikuwa anatazama ile sofa, si skrini. "Daktari, angalia alivyolala. Mgongo umemwinua, kichwa kiko juu, shingo imeegemea upande. Ulimi hauwezi kurudi nyuma, unaangukia shavuni. Amelala nusu amekaa! Hii sofa ndiyo inayomtibu. Mjomba, nyumbani unalalaje?"

"Chali," mkewe akasema. "Kama maiti aliyekwisha kuoshwa."

"Ndiyo basi. Ukilala chali ulimi unadondoka nyuma kwa uzito wake na kuziba bomba. Tumepima sofa, mjomba. Wewe mwenyewe hatujakupima."

"Nilikuwa nalifikiria hilo," daktari akasema. "Inabidi alale kitandani, chali."

"Lakini nimeshinda," Sponji akasema, ila sauti haikuwa na nguvu, na hata yeye aliisikia. Akamtazama mkewe. Angeweza kuondoka. Viatu vilikuwa palepale, Seremala alikuwa tayari na mkokoteni. Nyumbani mto ungerudi, na mtu angelala juu ya mto huo macho wazi, kimya, mpaka siku moja ule ukimya ugome kuisha.

Akapanda kitandani. "Haya. Ila sitapata usingizi. Kitanda hiki ni mbao tupu."

"Utapata," mkewe akasema.

Akavuta kiti mpaka ukingoni mwa kitanda, akakunja mikono, akaanza. "Lile bati la jikoni linalovuja ulisema utaliziba kabla ya mvua. Mvua imekuja, imekwenda, imerudi. Nimekinga beseni. Beseni lenyewe limepasuka, nilikwambia, ukasema utalibandika kwa gundi ya sponji. Gundi iko wapi? Na dada yako, nilikwambia umpigie, hukumpigia, sasa ananiona mimi ndiye ninayekuzuia. Na mlango wa choo..."

Mpwa akaweka mkono mdomoni asicheke. Mstari kwenye skrini ulikuwa unapungua kasi. Daktari akasogea.

"...bawaba yake ulisema ya leo kesho. Sasa tunaingia tukiwa tumeushika kwa mkono. Mgeni akija tunamwambiaje, imba ukiwa ndani? Na yale makochi yetu sebuleni, fundi makochi mzima, nyumba yake ina kochi lililotoboka..."

Jambo la mwisho alilolisikia Sponji lilikuwa neno kochi. Lilikuwa neno zuri.

Alipofumbua macho, wote walikuwa wanamtazama kama mtu aliyerudi safari ya mbali. Seremala hakuwa anacheka. Hilo ndilo lililomtisha kwanza.

"Nini? Nimekufa?"

"Karibu," Seremala akasema.

Mpwa akageuza skrini. Kamera iliyokuwa ukutani ilikuwa imerekodi. Sponji akamwona mzee mmoja mnene amelala chali, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti iliyomtia aibu. Akataka kusema huyo si yeye. Kisha mzee yule akanyamaza. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu, kinapambana, lakini puani hakupiti kitu. Chini ya picha, mstari wa hewa ulikuwa umenyooka kama uzi, na mstari wa damu ulikuwa unateremka, unateremka. Sponji mwenyewe, akiwa macho, alijikuta amezuia pumzi. Akasikia kifua kinawaka. Akaachia, akavuta hewa, na yule kwenye skrini bado.

Ndipo akauona mkono. Uliingia kwenye picha kutoka pembeni, mkono wa mkewe, taratibu, kama mtu anayezima taa aliyoizoea. Kidole gumba kikamchoma ubavuni, chini ya titi la kushoto. Mzee akashtuka, akavuta pumzi kwa mkoromo mkubwa, akaendelea.

"Nilimwambia amwache kwanza tupate kipimo," daktari akasema kwa upole. "Alisema amesikia. Lakini mkono ulikwenda wenyewe."

Ikajirudia. Mkoromo, kimya, mkono. Mkoromo, kimya, mkono. Mkewe kwenye picha alikuwa anaongea na mpwa, hata hatazami, na mkono ukajua saa yake.

Sponji akajigusa ubavu. Pale chini ya titi palikuwa na sehemu inayouma miaka nenda rudi. Siku zote alisema ni mikono ya makochi, anayabeba vibaya. Alikuwa amepaka dawa za kuchua za kila aina. Aliwahi hata kumlaumu Seremala kwa kutengeneza fremu zenye pembe kali.

"Ni wewe?" akamuuliza mkewe.

"Nilijaribu kukuita. Ukiitwa huamki. Ukichomwa unapumua bila kuamka."

"Miaka yote?"

"Sasa nifanyeje? Nikuache?"

Sponji alitafuta utani. Siku zote alikuwa nao, ulikuwa mfukoni kama futi ya kupimia. Hakuuona. Akamshika mkewe kile kidole gumba, akakitazama, na pua ikaanza kumwasha mpaka mpwa akajifanya anaangalia waya.

"Haya, lolote," akasema. "Nilisema lolote. Nining'inizeni."

Hawakumning'iniza. Daktari alileta kisanduku kidogo chenye mrija mrefu, na mwisho wa mrija barakoa ya kufunika pua na mdomo. Mpwa akaeleza: kisanduku kinavuta hewa ya chumbani na kuisukuma kooni kwa nguvu ndogo ya kudumu, kama unavyojaza hewa kwenye puto ili kuta zake zisishikane. Hakuna dawa ndani, hakuna kisu. Upepo tu. Akamfunga mikanda nyuma ya kisogo, akabonyeza, na kisanduku kikaanza kuhema: shuuu, shuuu.

Sponji akajaribu kusema kitu. Hewa ikamjaa mashavu, maneno yakatoka kama ya chura ndani ya debe.

Seremala akaanguka juu ya sofa kwa kicheko. "Tembo! Tembo amekuja kutengeneza kochi!"

Mkewe alicheka mpaka machozi. Alicheka akiwa ameegemea ukingo wa kitanda, akajifuta kwa upande wa khanga, akamwangalia mumewe mwenye mkonga, akacheka upya. "Jamani," akasema, "jamani, niacheni, mbavu zangu."

"Mjomba, sasa lala tena kidogo," mpwa akasema. "Tuone kama koo linakaa wazi. Anti, usimchome safari hii. Mimi naangalia skrini, daktari anaangalia, mashine inaangalia. Hakuna atakayekufa."

"Sitamchoma," mkewe akasema. "Naweka kichwa tu hapa."

Akaweka kichwa ukingoni mwa kitanda, juu ya mkono wa mumewe. Daktari akazima taa kubwa, akamtoa Seremala nje kwa kola. Kikabaki kile kisanduku, shuuu, shuuu, bila kukatika, bila kusita, na mpwa kwenye mwanga wa skrini.

Sponji akafumba macho. Usingizi ulikuwa unakuja, aliusikia unapanda miguuni. Ndipo akasikia kitu kingine. Pumzi ndefu, ya chini, kwenye mkono wake. Akafumbua jicho moja. Mkewe alikuwa amelala. Si kusinzia, amelala, mdomo umelegea, shavu limejibana, mate kidogo yanaloanisha shuka la serikali. Hakukumbuka lini alimwona hivyo. Huenda hakuwahi. Kila alipolala yeye, mwenzake alikuwa zamu. Na alipoamka, mwenzake alishakuwa jikoni.

"Mjomba," mpwa akanong'ona, "lala. Mstari wako unaruka kama panzi."

Sponji akatikisa kichwa, mrija ukayumba huku na huko.

"Mjomba, tunatakiwa tukupime. Lala!"

Akanyanyua mkono wa pili, akaonyesha kichwa kilicholala juu ya mkono wake, kisha akaweka kidole juu ya barakoa, pale midomo ilipokuwa. Mpwa akasimama kuona. Akaona. Akakaa tena, akachukua koti lake, akamfunika anti yake mabegani, akaandika kitu kwenye kompyuta na kuongeza muda.

Mkono ulianza kufa ganzi kuanzia vidoleni. Sponji hakuusogeza. Mlango ukafunguka, Seremala akaingia na sauti yake ya karakana. "Sponji! Mwenye sofa amepiga simu, anasema—"

Yule mwenye mkonga akamgeukia kwa macho makali kiasi kwamba Seremala akameza maneno yaliyobaki. Akamwona mke wa rafiki yake. Akarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, akagonga sofa, akaiomba msamaha kwa ishara, akafunga mlango polepole mno.

Wakamsikia akiwa nje anamwambia mteja kwenye simu, kwa kunong'ona kunakosikika koridoni kote, kwamba sofa yake bado inalaliwa, na kwamba leo haitoki.

Sponji akageuza uso upande wa mkewe na kuanza kusikiliza. Pumzi ikaingia. Ikatoka. Akangoja inayofuata.